Tiba ya Kufidia Homoni

Kawe mwezi wa Julai kunapoa, na usiku watu hujifunika shuka. Lakini mama wa miaka 51 aliyekoma hedhi anaamka saa nane, kanga imelowa jasho kifuani, moyo unamwenda mbio. Hilo si joto la Dar. Estrojeni imepungua mwilini, na sehemu ya ubongo inayoratibu joto imekuwa nyepesi kushtuka.

Hospitali anaweza kuandikiwa estrojeni ya kumeza, ya kubandika au ya kupaka. Wengi huyaita matibabu hayo "tiba mbadala ya homoni", na jina hilo linapotosha vibaya. Tanzania tiba mbadala ina maana yake, hata kisheria: ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Mama akiambiwa hivyo ataishia kwa muuza virutubisho, arudi na chupa ya "kuweka homoni sawa", ilhali anachohitaji ni dawa ya daktari, yenye kipimo na masharti.

"Tiba ya homoni" nayo haitoshi. Mgonjwa wa saratani ya matiti anayemeza tamoksifeni pia huambiwa yuko kwenye tiba ya homoni, na kazi ya dawa hiyo ni kuizuia estrojeni isilichochee titi. Jina moja, kazi mbili zinazopingana! Tena aliyewahi kuugua saratani hiyo kwa kawaida hapewi estrojeni.

Ndiyo maana nashikilia "tiba ya kufidia homoni". Kufidia ni kuziba pengo la kilichopungua. Neno hilo haliahidi ujana wala uzazi. Mwenye mfuko wa uzazi huongezewa projesteroni, maana estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani wa mfuko huo na kuleta hatari ya saratani yake.

Hofu ya tiba hii ilitanda 2002, utafiti mkubwa wa Marekani kuihusu uliposimamishwa baada ya kuonyesha ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Washiriki wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi imekoma ndani ya miaka 10, wenye dalili kali na wasio na vizuizi, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Ila aliyemaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, akapimwe kwanza, hata kama jirani yake ameshapata nafuu kwa dawa hiyohiyo.