Ndugu wawili walio na vilele Mlima Kenya, na wawili wetu wasio navyo

Kila Sikukuu ya Jamhuri inapokaribia, jina la Kisoi Munyao hutajwa tena. Ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya huru kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya, Desemba 1963. Watoto wa shule za Boito, Kimulot na Mogogosiek, huku kwetu Konoin, Bomet, wanaijua habari hiyo, na vilele vitatu wanavitaja bila kujikwaa: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, Lenana, mita 4,985. Waulize sasa Batian alikuwa nani. Darasa zima litanyamaza, na mara nyingine mwalimu naye atanyamaza pamoja nalo.

Sisi wa majani chai tumezoea kuuona mlima ule kuwa wa watu wa Nyeri na Meru. Wetu ni msitu wa Mau, unaotuletea mvua. Tukikumbuka asili yetu tunaelekeza macho Tulwop Kony, yaani Elgon, ambako wazee wa Kipsigis husema tulitoka. Lakini majina yaliyo juu ya mlima mrefu kuliko yote nchini ni ya familia moja ya malaiboni, yaani viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na ukoo wa Talai, waliokuwa maorgoiyot, yaani viongozi wetu wa kiroho, kwa masimulizi ya wazee wenyewe una asili katika malaiboni hao hao. Kwa hiyo majina yale yanatuhusu watu wa Konoin, tena sana.

Aliyeyaweka ni Mwingereza Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford. Kabla yake mmisionari Krapf alikuwa ameuona mlima kutoka Kitui Desemba 1849, na Wazungu wa kwao hawakumsadiki aliposema pana theluji karibu na ikweta. Msafiri Teleki alipanda sehemu ya mlima mwaka 1887, na mwanajiolojia Gregory akafika kwenye barafu mwaka 1893. Mackinder alitaka kilele chenyewe. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 aliona nafasi yake imewadia, na mwishoni mwa Julai akaondoka mjini na msafara wa watu wapatao 170: Wazungu sita, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuongoza njia, na Wakikuyu 96.

Ulikuwa mwaka mbaya. Njaa kubwa ilikuwa imeikumba nchi na ndui ilikuwa ikiua watu. Mackinder alikuwa akipita na midomo 170 katika vijiji ambavyo havikuwa na chakula hata cha wenyewe. Wapagazi wawili Waswahili waliuawa walipokwenda kutafuta chakula, na ilibidi watu watumwe hadi Naivasha kuomba msaada wa vyakula. Hata hivyo, Septemba 13, 1899, saa sita mchana, Mackinder na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian. Walikuwa wamelala usiku mmoja kwenye ukingo wa mwamba, kisha wakachonga hatua moja moja katika barafu ngumu kama kioo.

Aliporudi Uingereza alihutubia Chama cha Kifalme cha Jiografia na kusifiwa. Kitabu cha safari hakukitoa. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1991, miaka 44 baada ya kifo chake, ndipo wasomaji wakakutana na jambo ambalo mhadhara haukuligusa. Kwenye orodha ya wapagazi, majina manane yana maelezo kwamba wenyewe walipigwa risasi kwa amri. Wanane! Hausburg, mjomba wa mke wa Mackinder aliyefuatana naye, ana bonde lenye jina lake juu ya mlima. Mackinder ana bonde, na Teleki ana bonde. Wanane wale hawana hata jiwe. Nimesoma maandishi mengi yanayosifu ushindi wa Septemba 1899, na ninaona haya kwa niaba ya waandishi wanaousimulia bila kuwataja watu hao.

Tuje sasa kwenye majina. Mackinder aliyachagua kwa ushauri wa Sidney Hinde, ofisa wa serikali aliyekuwa akikaa na Wamaasai. Kilele cha juu kikapewa Mbatian, laiboni mkuu aliyefariki karibu mwaka 1890. Cha pili kikapewa Nelieng, ndugu yake. Cha tatu kikapewa Olonana, mwanawe, ambaye Waingereza walizoea kumwita Lenana. Upande wa kaskazini, mbali kidogo na hivyo vitatu, kipo kilele kingine cha mita 4,704 ambacho hakimo katika kitabu cha shule. Kinaitwa Sendeyo, na huyo naye alikuwa mtoto wa Mbatian.

Habari ya ndugu hao wawili iliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake kuhusu Wamaasai cha mwaka 1905, na anayeijua Biblia atatambua mara moja nyayo za Yakobo na Esau. Mbatian, mzee mwenye jicho moja, alijua siku zake zimekwisha. Akamwita Sendeyo, mwanawe mkubwa, akamwambia aje kesho alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Lenana alikuwa amejificha katika kizizi cha ndama, akasikia kila neno. Kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa mbele ya baba yake. Mzee akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe ya kupigia ramli na mfuko, akambariki awe mkubwa kati ya ndugu zake. Sendeyo alipofika, akaambiwa vitu vimeshatolewa. Akaondoka kwa hasira na kiapo kwamba hatatawaliwa na mdogo wake, bali atapigana naye hadi amwue.

Yaliyofuata si ngano. Mbatian alipokufa, Wamaasai waligawanyika, hawa kwa Lenana na hawa kwa Sendeyo, na vita vya ndugu vikaendelea kwa miaka. Wakati huohuo sotoka ilikuwa ikimaliza ng'ombe, na ndui ikawafuata wenye ng'ombe wenyewe. Sendeyo alikwenda upande wa Loita na nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Lenana alibaki upande wa Ngong, akatafuta msaada kwa Waingereza. Msaada ule ulikuwa na bei. Waingereza walimtambua kuwa mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho laiboni yeyote kabla yake hakuwa nacho, na mwaka 1904 jina lake likawa kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa. Alipofariki Machi 1911, serikali ilitangaza kuwa maneno yake ya mwisho yaliwataka watu wake waliokuwa Laikipia wahame pia. Wakahamishwa. Sendeyo alikuwa ameshasalimu amri mwaka 1902, akiwa amechoka na watu wake wamekwisha.

Mackinder na Hinde walipokuwa wakigawa vilele, ugomvi huo haukuwa umekwisha. Rafiki wa serikali alipewa kilele kinachokaribia mita 5,000, ambacho mtu mwenye mapafu mazima hukifikia kwa miguu bila kamba. Mpinzani wake alipewa jabali la pembeni. Sidhani ni bahati tu. Ramani ilichorwa na upande mmoja wa vita.

Msomaji wa Boito anaweza kuuliza: Talai wanaingiaje hapa? Wanaingia kwa sababu katika miaka hiyohiyo, magharibi ya Mau, nyumba nyingine ilikuwa ikigawanyika kwa namna iyo hiyo. Kimnyole, orgoiyot mkuu wa Wanandi, aliuawa na watu wake karibu mwaka 1890, wakati uleule Mbatian alipofariki. Akaacha wana, na wawili kati yao wakagombea nafasi yake: Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilegen. Wanandi wakagawanyika, Koitalel akashinda. Kipchomber akavuka kuja kwetu na akawa orgoiyot wa kwanza wa Kipsigis.

Koitalel alikataa reli isipite Nandi, na kwa miaka kumi hakushindwa. Oktoba 19, 1905, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Habari hiyo kila Mkenya anaijua. Ya Kipchomber haijulikani hata nusu yake. Mwaka 1914 serikali ilimkamata yeye na ndugu zake, ikawapeleka uhamishoni katika nchi ya Wakikuyu. Yeye alipelekwa Fort Hall, mji tunaouita leo Murang'a, akafia huko mwaka 1916. Murang'a asubuhi ya mbingu safi unauona mlima wote. Orgoiyot wa Kipsigis alimalizia siku zake akitazama vilele vilivyopewa majina ya malaiboni wenzake, akiwa mfungwa wa watu walewale walioyaweka majina hayo.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa malaiboni. Talai wa Kipsigis, watu mia kadhaa, wazee na watoto wachanga, walichukuliwa Kericho na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, palipojaa mbung'o na malaria. Wakati huo, huku nyuma, mashamba ya chai yalikuwa yakipanuka juu ya vilima. Walirudi mwaka 1962, wakati Kenya inakaribia uhuru, na wengi hawakukuta mahali pa kusimamisha nyumba. Mwaka 1934 huohuo ndipo wapimaji walipochora ramani ya barafu ya Lewis, chini ya Lenana, ramani ambayo wanasayansi hadi leo wanaitumia kupimia hasara. Serikali ileile iliyowaogopa malaiboni walio hai kiasi cha kuwatungia sheria haikuona shida yoyote kuwaheshimu waliokwisha kufa, juu kwenye theluji.

Baada ya Mackinder karibu miaka 30 ilipita kabla mtu mwingine kufika Batian. Eric Shipton na Percy Wyn Harris walifika Januari 1929, na Nelion ikapandwa kwa mara ya kwanza katika safari hiyohiyo. Mwaka 1943 mfungwa wa vita Mtaliano, Felice Benuzzi, na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande mlima. Wawili wakafika Lenana, wakaacha bendera yao pale, wakarudi wenyewe kambini wafungiwe. Mlima ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1949. Kisha akaja Munyao na bendera. Alifariki mwaka 2007, na katika uzee wake magazeti yaliandika kuhusu umaskini wake. Taifa linalomtaja kila Desemba lilipaswa kumtunza vizuri zaidi.

Kusema kweli, si kila kilele cha hifadhi zetu kina kasoro hii ya jina lililowekwa na mgeni. Ol Donyo Lesatima, mita 4,001, juu kabisa katika hifadhi ya Aberdare, ilibaki na jina lake la Kimaasai. Koitobos, mita 4,222, ambayo wageni wengi hupanda upande wetu wa Hifadhi ya Elgon, ina jina ambalo Mkipsigis hahitaji kufundishwa kulitamka. Longonot ina Kilele Ngamia. Watanzania nao walipopata uhuru hawakukubali kilele cha Kibo kiendelee kuitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani, wakakiita Uhuru. Siombi majina ya Batian na Nelion yaondolewe. Yana haki ya kuwa pale. Ninaomba yaelezwe.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia, isipokuwa hasara. Mlima uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na iliyobaki inaendelea kuyeyuka. Huku kwetu, mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu jinsi Talai na Kipsigis walivyonyang'anywa ardhi, na mwaka 2022 walalamikaji walipeleka madai yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Familia nyingi za Talai bado zinaishi Kericho kama maskwota, si mbali na mashamba ya chai ambayo mapato yake yanajulikana hadi London.

Shule za Bomet zinazopeleka wanafunzi Mlima Kenya huwapitisha Naro Moru au Sirimon. Anayepita Sirimon huviona Terere na Sendeyo akiwa bado njiani, kabla hajafika kwenye vilele vikuu. Hapo ndipo mwalimu angesimama na kuwaambia habari ya alfajiri ile katika boma la Mbatian, na ya nyumba ya Kimnyole, na ya kifo cha Murang'a. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lingeweza kusimamisha ubao getini wenye majina ya Mbatian, Nelieng, Lenana na Sendeyo na maelezo ya watu hao walikuwa nani. Chini yake yaandikwe majina ya wapagazi wanane. Yamo katika shajara iliyochapishwa mwaka 1991. Si kazi ya kutafuta, ni kazi ya kunakili.