Asemaye "Sijui": Historia ya Uagnostiki na Funzo Lake

Katika madarasa ya siasa swali hili halikosi kuzuka: je, mtu anaweza kusema "sijui kama Mungu yupo au hayupo" bila kuwa mwoga wala mnafiki? Wapo wanaojibu upesi kwamba mtu huyo hajakomaa kinadharia. Wapo wanaojibu, upesi vilevile, kwamba amekwisha kukufuru. Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yanamhukumu mtu kabla ya kuuliza msimamo wake ulizaliwa wapi, lini, na katika mapambano gani. Tuanze na historia, kisha tutoe hukumu.

Wazo lenyewe ni la kale. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Protagoras, mwalimu wa Kiyunani, alifundisha kwamba hawezi kujua kama miungu ipo au haipo, kwa kuwa jambo lenyewe limefichika na maisha ya mtu ni mafupi. Inasimuliwa kwamba Athens ilimfukuza na kuvichoma vitabu vyake. Lakini neno "agnostiki" ni la juzi. Lilibuniwa na Thomas Henry Huxley, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1869, alipojiunga na Jumuiya ya Metafizikia mjini London. Humo kila mjumbe alikuwa na jina la itikadi yake. Huxley, aliyeona kwamba hana hakika waliyodai kuwa nayo wenzake, akajitungia jina kutokana na Kiyunani, lenye maana ya asiyejua.

Huxley hakuwa mtu wa kukwepa mabishano. Mwaka 1860, mjini Oxford, alipambana hadharani na Askofu Samuel Wilberforce kutetea nadharia ya Darwin kuhusu mabadiliko ya viumbe. Mwaka huohuo mwanawe wa kwanza, Noel, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne, alifariki kwa homa. Rafiki yake Charles Kingsley, aliyekuwa kasisi, alimwandikia kumfariji kwa matumaini ya uzima wa milele. Huxley alimjibu kwa heshima kwamba hakani wala hathibitishi kutokufa kwa roho. Hana sababu ya kuliamini jambo hilo, wala hana njia ya kulikanusha. Alikataa kuamini kwa sababu tu imani ingempunguzia uchungu. Mtu anayesema "sijui" mbele ya kaburi la mtoto wake, wakati neno moja tu lingemliwaza, hawezi kuitwa mwoga.

Hata hivyo, historia ina upande wa pili, nao ni upande wa matabaka. Mwaka 1842 George Jacob Holyoake, mfuasi wa ujamaa wa Robert Owen, alifungwa miezi sita kwa kosa la kukufuru, kutokana na maneno aliyoyatamka katika mkutano wa hadhara. Mwaka 1880 Charles Bradlaugh, mkana Mungu aliyejulikana wazi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton. Bunge lilimzuia kushika kiti chake kwa sababu ya suala la kiapo. Wapiga kura walimrudisha tena na tena, naye hakuruhusiwa kukaa mpaka mwaka 1886. Ukanaji Mungu ulipozungumzwa mitaani na kusomwa katika vijarida vya bei ndogo, dola iliuona kuwa hatari. Uagnostiki ulipozungumzwa na mabwana baada ya chakula cha jioni, ulivumiliwa. Kwa hiyo jina jipya lilikuwa pia vazi la heshima.

Friedrich Engels aliliona jambo hilo. Katika utangulizi alioandika mwaka 1892 kwa toleo la Kiingereza la kijitabu chake juu ya ujamaa wa kisayansi, aliueleza uagnostiki kuwa ni uyakinifu unaoona haya. Hoja yake ni kwamba agnostiki, akiwa katika maabara, hueleza ulimwengu wote kwa maada na kanuni zake. Akitoka nje, hudai kwamba hajui. Engels aliongeza kwamba kipimo cha ujuzi wetu ni vitendo: tukitumia kitu kwa kadiri tunavyokijua, na matokeo yakawa kama tulivyotazamia, basi tumekijua kwa kweli. Lenin aliiendeleza hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1909.

Je, hoja ya Engels ni sahihi? Hapa ni lazima tutenganishe mambo mawili.

Jambo la kwanza ni ulimwengu huu. Juu ya ulimwengu, Engels ana haki. Kwa karne nyingi watu walidhani malaria inaletwa na hewa chafu. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vijidudu vyake katika damu, na mwaka 1897 Ronald Ross akavikuta ndani ya mbu. Kusema "bado hatujui" kuliwasukuma wachunguze. Kama wangesema "haiwezekani kujulikana kamwe", wangekwisha kuweka darubini chini. "Sijui" ya kwanza ni mlango wa elimu, na ya pili ni komeo lake.

Jambo la pili ni Mungu. Wenye dini wenyewe hufundisha kwamba Muumba si kiumbe miongoni mwa viumbe. Basi kipimo kilichomfichua mbu hakimfikii. Anayedai kwamba sayansi imethibitisha kuwa Mungu hayupo, na anayedai kwamba sayansi imethibitisha kuwa yupo, wote wanatoza deni ambalo ushahidi haukukopa. Muumini anaweza kusema kwamba ana njia nyingine ya kujua, nayo ni imani. Hiyo ni haki yake. Lakini kwa mtu anayejifunga kusema yale tu anayoweza kuyatolea ushahidi, "sijui" ni jibu la busara na la uaminifu.

Lakini busara hiyo ina mpaka. Huxley huyuhuyu, aliyewafundisha wafanyakazi wa London sayansi kwa lugha nyepesi, mwaka 1890 aliandika kupinga fundisho kwamba binadamu huzaliwa sawa. Bradlaugh, aliyemkana Mungu waziwazi, mwaka 1884 alisimama jukwaani kuupinga ujamaa. Na Keir Hardie, Mkristo, ndiye aliyeongoza kuundwa kwa Chama Huru cha Wafanyakazi mwaka 1893. Jibu la mtu kuhusu mbingu halitwambii atasimama upande gani kiwandani.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenye ibada, alilieleza jambo hili katika utangulizi wa kitabu chake cha Uhuru na Ujamaa kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1968. Ujamaa unahusu maisha ya watu katika jamii, na uhusiano wa mtu na Mungu wake ni jambo lake binafsi. Kwa msingi huo Mwislamu, Mkristo, mwenye dini ya jadi na asiye na dini waliweza kuketi katika shina moja.

Kada asimcheke asemaye "sijui" juu ya Mungu, wala asimlazimishe kuchagua. Amuulize swali jingine: mkulima anapopunjwa kwenye mizani, unajua au hujui? Mizani inapimika, na bei imeandikwa. Hapo ushahidi upo, na anayesema "sijui" amekwisha kuchagua upande.