Sola Ilivyopanda Mapaa ya Mabati

Mwaka 1984, shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, huko Meru, Kenya, ilikuwa ikitafuta umeme. Nguzo zilikuwa mbali, na wazo lililokuwepo ni jenereta ya dizeli. Mark Hankins, kijana wa Kimarekani aliyefundisha hapo, alimfahamu mhandisi Harold Burris, Mmarekani mwenzake aliyekuwa akiuza vifaa vya sola nchini. Shule ikachagua sola.

Walimu ndio waliokuwa wa kwanza kuulizia taa za sola kwa ajili ya nyumba zao. Walikuwa na mshahara wa kila mwezi. Wakulima wa kahawa na chai wakafuata, kila mmoja akisubiri malipo ya mavuno yake. Serikali na wafadhili hawakuwa na mchango mkubwa katika biashara hii. Iliendeshwa na maduka ya mjini na mafundi wa vijijini.

Wengi hawakununua mtambo mzima kwa mkupuo. Kwanza ilikuja televisheni ndogo, isiyo ya rangi, pamoja na betri ya gari. Betri ikiisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kuchajiwa kwa ada, ikarudishwa. Ada hiyo ililipwa tena na tena, hadi mwenye nyumba akapata fedha za paneli ya wati 12 au 14. Baadhi ya wataalamu waliona paneli hiyo ni ndogo mno. Mimi naona wanunuzi walijua hesabu zao: walinunua kiasi walichomudu, wakaongeza baadaye.

Lakini wati hazionekani kwa macho. Vipimo vya mwaka 1999 vilionyesha kwamba baadhi ya paneli zilizouzwa Kenya zilitoa umeme pungufu sana kuliko ilivyoandikwa. Aliyetoa akiba ya msimu mzima hakuwa na namna ya kujua hilo dukani, na hasara ikabaki kwake.

Na asiye na mshahara wala kahawa? Huyo aliendelea na koroboi, akinunua mafuta ya taa kidogo kidogo, jioni kwa jioni. Ukijumlisha mwaka, fedha alizotumia hazikuwa chache. Hakuwahi tu kuzishika zote kwa pamoja. Njia ya kulipia sola kidogo kidogo ilifunguliwa na M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza mwaka 2007. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA, ambayo mwanzilishi wake mmoja, Nick Hughes, alishiriki kuibuni M-Pesa, ikaanza kuuza sola kwa malipo ya awali, kisha shilingi 40 hivi kwa siku kwa takribani mwaka mmoja. Ndani ya kifaa kulikuwa na laini ya simu: usipolipa, taa hazikuwaka, ukilipa, zilirudi. Ukimaliza deni, mtambo ulikuwa wako.

Wakati huo kuunganishiwa umeme wa gridi kulimgharimu mwananchi shilingi 35,000. Mwaka 2015 serikali ikaishusha ada hiyo hadi 15,000, na ikamruhusu mteja kuilipa kwa awamu.