Nakala rudufu ya mipangilio ya TrueNAS

Nakala rudufu ya mipangilio ya TrueNAS ni faili dogo linalotunza maelezo ya namna seva ya kuhifadhi data ilivyopangwa: watumiaji, anwani za mtandao, folda zinazoshirikiwa, ratiba za kazi. TrueNAS ni mfumo endeshi wa seva za aina hiyo. Ulianzishwa na Olivier Cochard-Labbé mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS.

Mfumo wenyewe hukaa kwenye diski ya kuwashia, mbali na diski za data zinazosimamiwa na mfumo wa faili wa ZFS. Diski ya kuwashia ikifa, data hubaki, lakini seva haijui tena nani aruhusiwe kufungua nini. Mwenye nakala huweka mfumo upya, hupakia faili lile, na seva hujiwasha ikiwa na mipangilio yake ya awali. Asiye nayo ataweza kuziunganisha tena diski za data, kisha apange mengine yote kwa mkono, kazi ya kuchosha mno.

Mipangilio huhifadhiwa katika hifadhidata ya SQLite. Wakati wa kuipakua kuna kisanduku cha kujumuisha mbegu ya siri, na hapa ni rahisi sana kukosea: bila mbegu hiyo, nywila zilizofichwa ndani ya faili hazisomeki kwenye usakinishaji mpya. Ikijumuishwa, faili lenyewe lilindwe kama nywila. Nakala huchukuliwa kabla ya kila sasisho na kuwekwa nje ya seva. Funguo za data iliyosimbwa zipakuliwe pia kando. Zikipotea kabisa, data haifunguki tena.