Watoto wa Vita na Shule za Rangi Nne

Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Uingereza lilichukua majengo ya shule ya Allidina Visram, pale kisiwani Mombasa, yanayotazama bahari. Mwezi Aprili mwaka huo Japani ilikuwa imeipiga Colombo kwa ndege, na manowari za Kiingereza zilizokuwa na makao yake Ceylon zikahamishiwa Kilindini. Pamoja nazo walikuja wataalamu wa kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya adui. Madarasa yaliyokuwa ya hesabu na jiografia yakajaa karatasi za ujumbe wa Kijapani ulionaswa hewani, na ni humo ulimofumbuliwa msimbo wa meli za biashara za Japani.

Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1923, kwa fedha za familia ya tajiri Allidina Visram, kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Hivyo ndivyo elimu ilivyopangwa Kenya wakati wa ukoloni: Mzungu na shule yake, Mhindi na yake, Mwarabu na yake, Mwafrika na yake, kila moja na bajeti yake. Mombasa mpango huo ulikuwa na uchungu wa pekee, kwa sababu mipaka ya rangi ilipita katikati ya watu waliooleana na kuswali msikiti mmoja. Serikali ilifungua shule ya Waarabu mwaka 1912. Watu wa Thenashara Taifa, wenyeji wa mji wenyewe, waliandikwa upande wa Waafrika, na swali la nani ni Mwarabu likawa swali la kodi, la kura na la dawati. Watoto waliocheza pamoja jioni waliagana asubuhi kwa mujibu wa daftari la serikali.

Sasa tuvuke maji. Daraja la Nyali la wakati huo, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa daraja la kuelea, na mtu alilipa ili kupita. Ng'ambo ya pili, upande wa Kisauni, vita vilileta watoto ambao daftari la rangi halikuwa limewatayarishia nafasi. Nyali palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland.

Safari yao ilianza Februari 1940, majeshi ya Kisovieti yalipoanza kuzihamisha kwa nguvu familia za mashariki ya Poland. Walipakiwa katika mabehewa ya mizigo hadi Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini, wakafanyishwa kazi ya kukata miti kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hata kuiwazia ni tabu. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubaliana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, na wafungwa wakaachiliwa. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivuka hadi Iran kupitia bandari ya Pahlavi. Wengi wa raia walikuwa wanawake na watoto, na miongoni mwa watoto wengi walikuwa yatima. Kutoka Iran, wengine kupitia Karachi, karibu 20,000 walipelekwa katika makoloni ya Waingereza barani Afrika. Mombasa ilikuwa mmoja wa milango yao. Kambi zao Kenya zilikuwa pamoja na Makindu, Rongai na Nyali. Uganda walikaa Masindi na Koja. Tanganyika kambi kubwa kupita zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu karibu 5,000.

Wakoloni hawakujua wawaweke wapi. Hawa walikuwa Wazungu, lakini Wazungu maskini, waliofika bila mali wala bunduki, wanawake wanaolima na kufua kwa mikono yao. Mwanahistoria Jochen Lingelbach, katika kitabu chake cha mwaka 2020 kuhusu wakimbizi hao, anaeleza jinsi maofisa walivyohofia kwamba Mwafrika akimwona Mzungu wa namna hiyo, heshima ya ukoloni itapungua. Kambi zikawekwa mbali na miji na kutoka kukahitaji ruhusa. Watoto wakafunguliwa shule zao humo humo, za Kipolandi, na walimu wao wenyewe na skauti wao wenyewe. Mtoto aliyetoka kifungoni Siberia akaingia katika shule nyingine iliyotengwa, safari hii kwa sababu ya ngozi yake.

Kisauni palikuwa pamekwisha kuona watoto wa namna hii. Mwaka 1875 wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walianzisha Freretown, makazi ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wasiojuana hata salamu walikaa darasa moja, na Kiswahili kikawa lugha yao. Kengele yao ndiyo iliyopaachia Kengeleni jina lake. Haikuwa pepo, wamisionari walikuwa wakali na sheria za makazi zilikuwa nyingi. Lakini miaka mingi kabla ya madarasa ya rangi nne kukomaa, ng'ambo hii ilikuwa na darasa ambalo watoto wa makabila mengi walilishiriki pamoja, na jambo hilo linastahili kusemwa zaidi ya linavyosemwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu urafiki wa utotoni wakati wa vita umetoka kwa msichana aliyeshuka melini Mombasa na mama yake mwaka 1938. Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932 Leobschütz, mji uliokuwa Ujerumani na leo ni wa Poland. Walikuwa Wayahudi wanaomkimbia Hitler. Baba yake, Walter, wakili, aliyetangulia Kenya, akawa msimamizi wa shamba la Mzungu huko Rongai.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ya Kenya iliwakamata Wajerumani wote, hata waliofukuzwa na Ujerumani. Wanaume walipelekwa kambini. Wanawake na watoto, kwa kukosa mahali, waliwekwa katika hoteli za Nairobi, Norfolk ikiwa mojawapo. Kwa watu waliokimbia kukamatwa, kukamatwa na wale waliowapa hifadhi kulikuwa dhuluma isiyo na maelezo. Baadaye Walter alijiunga na jeshi la Waingereza.

Stefanie akapelekwa bweni la Wazungu Nakuru. Katika filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya aliyoiandika baadaye kuhusu maisha hayo, mwalimu anawaamuru watoto Wayahudi wasimame kando kabla ya sala ya Kikristo. Ni tukio la sekunde chache, na linaonyesha kuwa ubaguzi ulioanza kwa rangi haukuishia hapo. Rafiki zake wa kweli hawakuwa darasani. Walikuwa shambani: Owuor, mpishi Mjaluo aliyemfundisha maneno na namna ya kuishi, na watoto wa Kikuyu. Kiswahili na lugha za jirani alizipata huko. Riwaya yake ya kwanza ya Afrika, iliyotoka mwaka 1980, inahusu mapenzi ya utotoni kati ya msichana kama yeye na mvulana Mkikuyu. Riwaya iliyompa umaarufu, inayosimulia maisha ya familia yake Kenya, ilitoka mwaka 1995; filamu ya Caroline Link, ambamo Mkenya Sidede Onyulo alicheza Owuor, ilipata Tuzo ya Oscar mwaka 2003. Familia ilirudi Ujerumani mwaka 1947, na Zweig alifariki Frankfurt mwaka 2014.

Lakini tusijidanganye kuhusu urafiki huo. Shule za Wazungu za Nakuru hazikumfungulia mlango mtoto wa Kikuyu, na Stefanie alipoondoka na sanduku lake kwenda bwenini, mwenzake alibaki. Wao walipendana, serikali iliwapangia maisha mawili. Hilo Zweig hakulificha.

Shule za rangi zilianza kuvunjwa ukoloni ulipokuwa ukielekea ukingoni, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikapendekeza mfumo mmoja kwa watoto wote wa Kenya. Tengeru makaburi ya Wapolandi yanatunzwa hadi leo na wageni kutoka Poland huyazuru. Nyali, iliyojaa hoteli na majumba, inastahili walau kibao kimoja cha kumweleza mpita njia kwamba watoto wa vita walipitia hapa. Waliokuwa wadogo Kisauni mwaka 1943 leo wanakaribia au wamevuka miaka 90. Wanahistoria wa pwani na walimu wa shule za ng'ambo wana muda mfupi wa kuwafuata barazani na kurekodi wanayoyakumbuka kuhusu kambi, daraja la kuelea na watoto waliocheza nao.