Mgawanyo wa siku za kuzaliwa

Mgawanyo wa siku za kuzaliwa ni namna tarehe za kuzaliwa za watu zinavyosambaa katika siku za mwaka. Kama watoto wangezaliwa kwa usawa kila siku, kila tarehe ingepata takriban mtu 1 kati ya 365, isipokuwa 29 Februari ambayo hutokea mara 97 tu katika miaka 400. Hali halisi si hivyo. Katika nchi zilizozoea usajili kwa muda mrefu, tofauti hutokana zaidi na majira na ratiba za hospitali. Nchini Tanzania, ikiwemo Mwanza na maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa, kuna sababu nyingine kubwa: tarehe nyingi za watu wazima ziliandikwa kwa kukadiria.

Majira na hospitali

Mtoto huzaliwa wiki 38 hivi baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo mwezi wenye vizazi vingi huonyesha yaliyotokea miezi tisa nyuma yake. Huko Uingereza na Wales, tarehe iliyoongoza kati ya mwaka 1995 na 2014 ilikuwa 26 Septemba, yaani miezi tisa baada ya Krismasi. Siku ya Krismasi yenyewe ina vizazi vichache, kwa sababu upasuaji wa kupangwa haufanyiki sikukuu. Ndiyo sababu pia Jumamosi na Jumapili huwa na vizazi vichache kuliko siku za kazi.

Mwanza iko karibu na ikweta. Baridi na joto havitofautiani sana, na mwaka hugawanywa na mvua: vuli kuanzia Oktoba, masika kuanzia Machi, na kiangazi kati ya Juni na Septemba. Wavuvi wa dagaa wana mgawanyo wao. Huvua usiku wa giza kwa taa na hupumzika nyakati za mbalamwezi. Lakini hata kama mapumziko hayo yangeongeza mimba, yasingeonekana katika kalenda ya kawaida, maana mwezi huandama kila baada ya siku 29 au 30 na tarehe zake huhama mwaka hadi mwaka.

Kumbukumbu bila tarehe

Watu wa ziwa hawakukosa kumbukumbu za uzazi. Walizitunza kwa njia nyingine. Miongoni mwa Wasukuma, Mabula na Kabula ni majina ya watoto waliozaliwa wakati wa mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni anayewafuata. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Majina kama Jumanne au Ramadhani nayo hutaja siku ya juma au mwezi, ila mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida.

Njia nyingine ni matukio. Mzazi wa Mwanza anaweza kusema mtoto alikuwa anatambaa meli ya MV Bukoba ilipozama (21 Mei 1996), au alizaliwa wakati wa vita vya Kagera (1978–1979). Karani makini wa sensa hupata mwaka kwa kuuliza hivyo. Siku na mwezi ni vigumu zaidi kupata.

Tarehe 1 Januari na 1 Julai

Fomu haipokei jibu la "wakati wa palizi". Hudai siku, mwezi na mwaka. Anayejua mwaka tu huandikiwa 1 Januari, au 1 Julai. Tarehe ya pili ina busara zaidi: ikiwa mwaka ni sahihi, kosa halizidi miezi sita kwa upande wowote. Aliyezaliwa Desemba akaandikwa 1 Januari ya mwaka huohuo huzeeshwa kwa karibu mwaka mzima, na mtumishi wa umma anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 hupoteza mishahara ya takriban miezi 11. Hilo si jambo dogo kwa familia yenye watoto shuleni.

Usajili

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo (Sura ya 108) inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kazi hiyo iko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa miaka mingi mzazi alilazimika kusafiri hadi makao ya wilaya, safari ambayo kwa mkazi wa kisiwa cha Ukara huhusu pia nauli ya chombo cha majini. Mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kufika Mwanza baadaye, ulihamishia kazi hiyo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata.

Anayechelewa huombwa ushahidi kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule. Vyeti hivi vikitofautiana, shida huanza wakati wa kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa elimu ya juu au pensheni. Cheti cha ubatizo kinahitaji uangalifu: kina tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa, na si mara chache ya pili imenakiliwa mahali pa ya kwanza.