Nchi Jirani: Bodi Inaposinzia Lindoni



Mazungumzo yetu ya leo yanatupeleka Kenya, kuutazama mkasa wa fedha uliofichuliwa huko mwaka 1993. Tumeuchagua kwa sababu askari wengi, wa jeshi na wa polisi, huweka sehemu ya mshahara wao katika vyama vya akiba na mikopo, lakini ni wachache wanaouliza nani anazilinda fedha hizo.

Mwaka 1984, Peter Munga na wenzake walianzisha Equity Building Society, chama cha kukopesha fedha za kujengea nyumba. Nia ilikuwa njema: watu wa kipato kidogo, waliodharauliwa na mabenki makubwa, wapate mahali pa kuweka akiba na kukopa. Hata hivyo, nia njema si ulinzi. Chama kilipokea amana ambazo mwenyewe angeweza kuzidai baada ya muda mfupi, kikazikopesha kwa muda wa miaka mingi.

Baada ya miaka tisa Benki Kuu ya Kenya ilikagua hesabu. Ilikuta kwamba asilimia 54 ya mikopo hailipwi ipasavyo. Hasara ilikuwa imefikia shilingi milioni 33, hali mtaji uliolipwa na wenye hisa ulikuwa shilingi milioni 3 tu. Sheria ilidai akiba ya fedha za kulipia wateja isiyopungua asilimia 20. Iliyokuwapo ilikuwa asilimia 5.8. Amana za wateja zilikuwa zikitumika kulipia gharama za uendeshaji. Na usimamizi wa bodi ulipopimwa, ulionekana dhaifu.

Hasara iliyoushinda mtaji mara 11 haizaliwi usiku mmoja. Hukua mwezi hata mwezi, na kila mwezi kuna mtu aliyepaswa kuiona na kuuliza. Mtu huyo ndiye mjumbe wa bodi.

Chama hicho hakikufungwa. Kilimwajiri mhasibu James Mwangi, kikageukia mikopo midogo ya muda mfupi na akiba za watu wa kawaida. Mwaka 2003 kampuni ya uwekezaji ya AfriCap ilinunua hisa, na hivyo macho mapya yakaingia katika usimamizi. Mwisho wa mwaka 2004 chama kikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nairobi.

Ndugu askari, ninyi mnajua kwamba ghala la silaha halikaguliwi na mtunza ghala peke yake. Ndivyo ilivyo kwa fedha. Meneja hukopesha, bodi humhoji, mkaguzi wa nje huwahoji wote wawili. Wakiwa kitu kimoja, lindo halina mlinzi.

Tena liko jambo la kukumbuka. Kikosini amri hushuka kutoka juu. Katika chama cha ushirika cha akiba, kila mwanachama ana kura moja, na kura ya koplo ni sawa na ya kanali. Anayeuliza hesabu mkutanoni havunji nidhamu, bali analinda pensheni ya wenzake na ada ya watoto wao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mwenye kuuziba ufa huo ni mwanachama anayehudhuria mkutano, akasoma hesabu, akauliza.